Uhasibu na Fedha: Ni Masomo Gani Haya?

(Maelezo yaliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika ukumbi wa chakula wa shule yetu)



Barua ya Katibu wetu ilinitaka nieleze kwa dakika 40 habari za masomo ya uhasibu na fedha katika Chuo Kikuu, ili vijana wa Kidato cha Nne na cha Sita wapate mwanga kabla hawajajaza fomu zao. Nimekubali kwa furaha. Mimi mwenyewe niliondoka katika ukumbi huu nikidhani kwamba mhasibu ni mtu wa kulipa mishahara basi.

Jana jioni nilikaa na baadhi ya vijana pale kwenye uwanja wa mpira, nikawauliza wanaujuaje uhasibu. Nikapata majibu matatu. La kwanza, kwamba ni kazi ya wanaojua hesabu. La pili, kwamba mhasibu hakosi kazi. La tatu walilitoa huku wakicheka, kwamba mhasibu hakosi fedha. Hilo la tatu mniwie radhi sitalijibu. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hulijibu kila mwaka ripoti zake zinapowekwa mezani Bungeni. Hayo mawili mengine nitayagusa njiani.

Nilisoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2001. Wakati ule mahali penyewe paliitwa Kitivo cha Biashara na Menejimenti, kilichoanzishwa mwaka 1979. Mwaka 2008 kitivo hicho kikageuzwa kuwa Shule Kuu ya Biashara, ambayo ninyi vijana mnaijua zaidi kwa herufi zake, UDBS.

Yafaa mjue masomo haya yalikujaje nchini. Azimio la Arusha lilipopita mwaka 1967, mabenki, bima, viwanda kadhaa na makampuni makubwa ya biashara yaliingia mikononi mwa umma katika muda wa siku chache. Nchi ikajikuta ina mali nyingi, na watu wa kuiandikia vitabu hawatoshi. Wahasibu wenye sifa aghalabu walikuwa wageni. Mwaka 1968 likaundwa Shirika la Ukaguzi wa Hesabu ili likague mashirika ya umma. Mwaka 1972 ikatungwa sheria ya Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, na mwaka huo huo ikatungwa sheria ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, ambayo mpaka leo ndiyo inayotahini na kusajili wahasibu. Kitivo cha Mlimani kilifuata miaka saba baadaye. Kwa hiyo masomo haya hayakuletwa kwa ajili ya watu wanaotaka ofisi yenye kiyoyozi. Yaliletwa kwa sababu wananchi walikuwa wameambiwa kwamba mali ni yao, na hapakuwa na wa kutosha wa kuwaambia ni kiasi gani na imekwenda wapi.

Sasa niingie darasani.

Mwezi wa kwanza wa mwaka wa kwanza ndio unaochuja watu. Mwalimu anaingia, anachora ubaoni herufi T kubwa; kushoto anaandika debiti, kulia anaandika krediti, na anawaambia kwamba kila tendo la fedha linaandikwa mara mbili, kushoto mahali fulani na kulia mahali pengine, na jumla za pande mbili lazima ziwe sawa. Utaratibu huu ni mkongwe. Mtawa mmoja wa Kiitalia, Luca Pacioli, aliueleza katika kitabu cha hisabati kilichochapwa Venice mwaka 1494, na wala hakuubuni yeye. Aliwakuta wafanyabiashara wanautumia.

Kinachowatatiza wengi ni hiki. Kijana akiweka shilingi 10,000 benki, benki inamwarifu kwamba akaunti yake imekreditiwa. Akiingia darasani, anaambiwa katika daftari lake mwenyewe aidebiti benki. Anadhani mmoja kati ya hao wawili anamdanganya. Lakini benki imeandika kwa upande wake: zile fedha ni deni ambalo benki inadaiwa na kijana, na madeni hukaa kulia. Kijana naye anaandika kwa upande wake: benki imekuwa mdaiwa wake, na anachodai mtu ni sehemu ya mali yake, na mali hukaa kushoto. Shilingi 10,000 ni zile zile. Daftari ni mbili, na zote ni za kweli.

Nimeona watu waliotoka PCM na alama nzuri sana za hisabati wakikwama hapa kwa wiki tatu, na pembeni yao ameketi mtu wa HGE aliyekuwa akimwandikia mjomba wake daftari la wakopaji dukani, yeye ameelewa siku ile ile. Ndiyo maana nasema jibu lile la kwanza la vijana ni nusu tu. Hesabu zinahitajika, na anayeidharau hisabati ya Kidato cha Nne atajifungia milango mwenyewe, maana kuna takwimu na hisabati ya biashara ambazo hazina huruma. Lakini sehemu kubwa ya uhasibu wenyewe ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawa. Ugumu uko kwenye kuamua namba gani iandikwe.

Chukueni mfano wa lori. Tuseme shule imenunua lori kwa shilingi 60,000,000. Lori huchakaa, kwa hiyo kila mwaka sehemu ya bei yake huandikwa kuwa gharama. Litadumu miaka mingapi? Ukisema 5, gharama ya mwaka ni shilingi 12,000,000. Ukisema 10, ni 6,000,000. Lori ni hilo hilo, barabara ni hiyo hiyo, na hakuna aliyeuza hata debe la mahindi. Lakini kwa kubadili neno moja, matokeo ya mwaka yamepanda kwa shilingi 6,000,000. Nani alisema miaka 10, na alitazama nini aliposema hivyo? Mwanafunzi wa uhasibu analipiwa ada ili ajifunze kuuliza swali hilo, na baadaye ili aweze kulijibu anapoulizwa yeye.

Masomo ya fedha ni ndugu wa uhasibu, lakini yanatazama mbele. Uhasibu unaeleza kilichotokea; fedha inauliza kama tuweke shilingi yetu hapa au pale. Kwa muda mrefu swali hilo halikuwa na uzito mkubwa nchini, maana mabenki yalikuwa ya umma na mikopo ilifuata mipango ya taifa. Sheria ya mabenki ya mwaka 1991 ikafungua mlango kwa mabenki ya watu binafsi, na mwaka 1998 Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza biashara. Tulipoingia sisi Mlimani, kampuni zilizoorodheshwa pale zilihesabika kwa vidole, na mwalimu akitaka mifano zaidi ilimbidi atoe ya London.

Mkuu wa Shule ametuambia leo asubuhi juu ya mradi wa kujitegemea wa mashine ya kusaga. Ameniruhusu niutumie. Tuseme mashine pamoja na kibanda chake ni shilingi 6,000,000, na baada ya kutoa mafuta na ujira wa msagaji inaleta shilingi 1,800,000 kila mwaka kwa miaka 5. Mtu wa kawaida anazidisha: 9,000,000. Anatoa 6,000,000. Anasema tumepata 3,000,000, tununue.

Mwanafunzi wa fedha hakubali kujumlisha shilingi ya mwakani na shilingi ya leo kana kwamba ni kitu kimoja. Shilingi ya leo ungeweza kuiweka mahali ikazaa. Tuseme shule ingeweza kupata asilimia 15 kwa mwaka mahali pengine penye hatari kama hiyo. Basi ile 1,800,000 ya mwaka wa kwanza thamani yake leo ni kama 1,565,000, na ile ya mwaka wa tano ni kama 895,000 tu. Ukijumlisha miaka yote mitano unapata 6,034,000 hivi. Mradi unalipa, lakini umebakiza shilingi 34,000, ambazo hazitoshi hata kununua mkanda wa mashine. Sasa badilisha asilimia 15 iwe 18. Jumla inashuka mpaka 5,629,000, na mradi unakula hasara ya 371,000. Mashine ni ile ile, wateja ni wale wale.

Sisemi mradi uachwe. Kuna faida ambazo hazimo katika jedwali hili, kwa mfano vijana kula dona safi badala ya unga uliolala ghalani. Nasema kwamba mtu akiwaletea karatasi yenye faida ya milioni tatu, muulizeni ametumia asilimia ngapi, na ile 1,800,000 ameitoa wapi. Je, amehesabu kwamba mwaka wa tatu mashine itaharibika?

Lipo somo la tatu ambalo wanafunzi wengi hulipenda kidogo kuliko yote, nalo ni ukaguzi. Linahitaji kusoma sana na kuandika sana, kwa Kiingereza, na halina jibu moja chini ya ukurasa. Humo ndimo utakapojifunza maana ya maneno mnayoyasikia redioni: hati inayoridhisha, hati yenye shaka, hati isiyoridhisha, na hati mbaya. Watu hufikiri hati inayoridhisha maana yake hakuna wizi. Sivyo. Maana yake ni kwamba taarifa za hesabu zinaonyesha hali ilivyo, katika mambo yote makubwa. Taarifa inaweza kuonyesha kwa usahihi kabisa kwamba fedha zimetumiwa ovyo.

Naomba niwape kisa kimoja cha kazini, katika halmashauri moja ambayo sitaitaja. Ilikuwa kabla Serikali haijaingia katika mfumo wa malipo wa MUSE. Tarehe 29 Juni, siku moja kabla ya mwaka wa fedha kufungwa, mhasibu kijana, miezi minane tangu atoke chuoni, aliletewa hati ya malipo ya mabati na mbao za paa la zahanati. Nyaraka zote zilikuwapo isipokuwa moja, ile ya kupokelea mali. Mabati hayakuwa yamefika. Aliambiwa kwamba yako njiani, na kwamba kesho ikipita bila malipo fedha zitarudi Hazina. Yote mawili yalikuwa kweli. Yule kijana akakataa kupitisha.

Fedha zikarudi. Mabati yakafika tarehe 4 Julai, mfanyabiashara akayageuza na lori lake. Zahanati ikakaa bila paa miezi 14 mingine, na akina mama wa kata ile waliendelea kupanda lifti za matrekta kwenda kujifungulia hospitali ya wilaya. Mimi nilikuwa mkubwa wake kazini; nilimwunga mkono kwa maandishi, na ningemwunga mkono tena. Mwaka mmoja kabla ya hapo saruji ilikuwa imelipiwa kwa maneno hayo hayo, kwamba iko njiani, na haikufika mpaka leo. Hata hivyo diwani wa kata ile aliponiuliza nimwambie nini mama mjamzito, sikuwa na jibu ambalo lingemtosha, wala sasa sinalo. Vitabu vya ukaguzi vinaeleza vizuri sana kwa nini ushahidi wa kupokea mali uje kabla ya malipo. Havielezi mhasibu apite njia gani kwenda nyumbani jioni ile. Siku hizi mambo mengi yako ndani ya kompyuta, lakini bado yuko mtu anayepaswa kuthibitisha kwamba mali imepokelewa, na mtu huyo anaweza kuwa mmoja wenu mliokaa kwenye mabenchi ya nyuma.

Haya, mambo ya vitendo, nitayapitia haraka maana yameandikwa kwingine. ECA na EGM ndizo njia za karibu zaidi, na HGE nao huingia, lakini sifa hubadilika. Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu hutoa kitabu cha mwongozo, kisomeni wenyewe, msimtegemee binamu. Shahada ni miaka mitatu. Kufundishwa ni kwa Kiingereza, na maelezo yanayoambatana na taarifa za hesabu za kampuni ni marefu kuliko hesabu zenyewe, kwa hiyo mwalimu wenu wa Kiingereza anawafundisha uhasibu bila ya kujua. Mitihani ya marudio, sapu, ipo, na kudisko kupo. Pia wengi huja wakidhani bumu ni mshahara. Lile ni deni. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na tangu sheria yake iliporekebishwa mwaka 2016, mkopaji akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Kabla hujasaini, fanya ile hesabu ya mashine ya kusaga juu yako mwenyewe.

Kuhusu kazi, nisiwafiche. Wahitimu wa biashara ni wengi, wanatoka Mlimani, Mzumbe, IFM, Chuo cha Uhasibu Arusha, Taasisi ya Uhasibu na kwingineko, na nafasi moja ikitangazwa serikalini hufika watu wa kujaza ukumbi huu mara nyingi. Shahada inakuvusha hatua za mwanzo za mitihani ya Bodi, haikuvushi zote. Mitihani hiyo wengi huifanya huku wakiwa kazini, wakisoma saa kumi za alfajiri. Aliye na CPA anatafutwa. Asiye nayo anatafuta. Wala msiwadharau waliopita vyuo vingine au walioanza na cheti cha utunzaji wa vitabu. Nimefanya kazi chini ya mmoja wao, na ndiye aliyenifundisha kusoma taarifa ya benki.

Ndugu Mwenyekiti, somo moja nimelibakiza makusudi, kwa sababu linatugusa sisi tuliomo humu leo. Ni somo la wakati: pato linakuwa pato lini?

Nilipokuwa mwaka wa kwanza, Desemba 2001, kampuni kubwa ya nishati ya Marekani iitwayo Enron ilifilisika. Ilikuwa na makosa mengi, pamoja na kuficha madeni katika makampuni ya pembeni, lakini moja lilikuwa la kufundishia. Ilikuwa ikisaini mkataba wa miaka mingi, inakadiria faida itakayopatikana katika miaka yote hiyo, kisha inaiandika faida hiyo mara moja, mwaka wa kusaini. Fedha zenyewe zilikuwa bado, na nyingine hazikuja kamwe. Njia hiyo ya kuandika ilikuwa imeruhusiwa na wasimamizi wa masoko wa huko, na wakaguzi wake, Arthur Andersen, moja ya kampuni tano kubwa kabisa za ukaguzi duniani, walizitia sahihi hesabu zile. Mwaka 2002 kampuni hiyo ya ukaguzi nayo ikaporomoka. Mwalimu wetu aliifanya habari hiyo kuwa zoezi la darasani. Tulilalamika kwamba Marekani ni mbali.

Sasa nisomeni taarifa ya hesabu tuliyogawiwa asubuhi, ukurasa wa pili. Mfuko wa Bweni: shilingi 64,300,000. Makofi yalipigwa, nami nilipiga. Kaka yangu Mweka Hazina alinitangulia hapa kwa madarasa matatu, alikuwa kiranja wangu wa bweni, na aliniadhibu kufyeka nyasi nyuma ya jiko kwa kosa nililolistahili. Nimepitia vitabu vyake jana usiku kwa ruhusa yake. Kila shilingi iliyoingia ina stakabadhi, na kila iliyotoka ina hati. Hana doa, na nataka vijana walisikie hilo kwanza.

Lakini hizo 64,300,000 ni vitu viwili vilivyoandikwa katika mstari mmoja. Zilizoko benki ni 22,750,000. Zilizobaki, 41,550,000, ni ahadi zilizotolewa siku ya harambee. Viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma, ambavyo Serikali yetu inavitumia, havikubali ahadi ya namna hii iandikwe kuwa mali, kwa sababu aliyeahidiwa hana uwezo wa kuidai; aliyeahidi akibadili nia, mambo yamekwisha. Sisi si idara ya Serikali, na hakuna anayetulazimisha kufuata viwango hivyo. Ila sababu yake inatuhusu.

Nimetafuta mfano wa karibu. Harambee yetu ya vitanda ilipata ahadi za shilingi 12,000,000. Kwa mujibu wa vitabu, zilizolipwa mpaka leo ni 4,500,000, yaani asilimia 37 na nusu. Sitataja majina, kila mtu anajijua. Tukikadiria kwamba ahadi za bweni zitalipwa kwa kiwango hicho hicho, tutapata kama 15,580,000. Jumla na zile za benki ni 38,330,000 hivi. Mkandarasi anataka 58,000,000 kwa bweni zima, na tumeombwa mchana huu turidhie mkataba usainiwe mwezi ujao.

Naelewa haraka hii. Jana usiku nimeingia katika bweni nililolala mimi. Lilijengwa kwa vijana 48, na nimehesabu magodoro 91, mengine sakafuni. Hakuna anayeweza kuingia mle akatoka akisema tungoje. Lakini fedha zikikatika kuta zikiwa zimefika kwenye linta, kuta zile zitanyeshewa masika mawili bila paa, na mkandarasi atatudai fedha za kusimamisha kazi. Vijana hawa watakuwa na magodoro yale yale sakafuni na gofu la kutazama dirishani.

Nimezungumza na mwenzetu aliye mhandisi, yumo humu. Anasema ramani inaweza kugawanywa: upande mmoja wa bweni, wa vijana 40, ujengwe kwanza mpaka paa, kwa gharama asiyoifikiri kuzidi shilingi 30,000,000, na upande wa pili uungwe baadaye kwenye msingi wake. Kwa hizo 30,000,000 tunapungukiwa 7,250,000 juu ya zilizoko benki. Kiasi hicho kinaweza kupatikana kabla ya Desemba iwapo chini ya theluthi moja ya tuliokaa humu na madeni yetu ya ahadi tutalipa. Wengine hawatakubaliana nami. Watasema mkandarasi akiona tunasitasita atapandisha bei, na kwamba watu hutoa fedha wanapoona matofali. Hoja hizo zina uzito na naomba zisemwe mkutanoni, si kwenye chai.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, ajenda ya sita itakapofika saa nane mchana, naomba mkutano huu ufanye mambo mawili kabla ya kuzipitisha hesabu. Kwanza, mstari wa Mfuko wa Bweni ugawanywe: fedha zilizopokelewa zibaki katika hesabu, na ahadi ziorodheshwe katika karatasi ya peke yake, kila moja na tarehe yake. Pili, idhini ya mkataba ihusu upande wa kwanza tu, kwa kiasi kisichozidi fedha zitakazokuwa benki siku ya kusaini. Kaka Mweka Hazina ameniambia hana pingamizi na jambo la kwanza. La pili analipinga, na atasema mwenyewe kwa nini.

Mimi niliahidi shilingi 500,000. Nimezilipa leo asubuhi; stakabadhi yake haimo katika taarifa mliyo nayo, kwa sababu ilichapwa juzi.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.